Selous: Mtoto wa Regent's Park Aliyepigana Bukoba



Ukienda Makumbusho ya Historia ya Asili pale South Kensington, baada ya kumtazama yule nyangumi anayening'inia ukumbini, tafuta kwenye ngazi kuu sanamu ya shaba ya mzee mwenye ndevu aliyeshika bunduki. Wengi wenu mmepita hapo mkikimbilia dinosauri. Mzee huyo ni Frederick Courteney Selous. Jina lake husomwa Selu, herufi ya mwisho haitamkwi.

Wazazi waliosoma Tanzania wanalijua jina hilo, maana tulilikariri kwenye Jiografia: Pori la Akiba la Selous, kubwa kuliko nchi nzima ya Uswisi. Lakini ukituuliza Selous mwenyewe alikuwa nani, wengi tutakujibu kwamba alikuwa Mzungu fulani wa mambo ya wanyama. Hiyo ni nusu ya habari. Selous alikwenda Afrika Mashariki kama mwanajeshi, katika vita vya Waingereza na Wajerumani vya kugombea miji ya mpakani, na huko ndiko alikozikwa. Kwa kuwa darasani kwetu wamo watoto ambao babu zao ni wa Bukoba, na wengine wa Taveta, nimeona maisha yake yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1851, jirani na Regent's Park, hapa hapa London. Baba yake alikuwa mkubwa katika Soko la Hisa, kwa hiyo nyumbani hawakukosa kitu. Shule mojawapo aliyosoma ilikuwa Bruce Castle, kule Tottenham. Jengo hilo bado lipo, sasa ni makumbusho, na kuingia ni bure. Mzazi anayeishi kaskazini ya London asiseme hana pa kumpeleka mtoto wakati wa likizo.

Tarehe 15 Januari 1867, Selous akiwa na miaka 15, ziwa la Regent's Park lilikuwa limeganda na watu wengi walikuwa wakiteleza juu ya barafu. Ghafla barafu ikavunjika. Watu wapatao 200 wakatumbukia, na 40 wakafa. Yule kijana hakupiga kelele wala hakujaribu kusimama. Alilala kifudifudi na kutambaa polepole kutoka kipande hadi kipande cha barafu mpaka akafika ukingoni. Baada ya ajali hiyo wakubwa wa jiji walipunguza kina cha ziwa, na ndiyo maana leo mnapopanda vile viboti hapo, maji si marefu. (Hata hivyo, msijaribu kukanyaga barafu!)

Baba alitaka awe daktari. Yeye alitaka Afrika tu. Alikuwa amesoma vitabu vya wasafiri hadi kichwa kimejaa tembo na simba. Mwaka 1871, akiwa na miaka 19, alishuka Afrika Kusini na paundi 400 mfukoni. Mwaka uliofuata alikwenda kwa Mfalme Lobengula wa Wandebele kuomba ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimcheka kwa utoto wake, kisha akamruhusu.

Miaka karibu 20 iliyofuata aliishi kwa bunduki. Aliua tembo kwa ajili ya pembe, na wanyama wengine kwa ajili ya makumbusho za Ulaya. Mkusanyo wake uliopelekwa South Kensington una wanyama zaidi ya 500, na simba 19 ni miongoni mwao. Aliandika vitabu na akawa mashuhuri, hata Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alimtaka ushauri kabla ya safari yake ya Afrika Mashariki mwaka 1909.

Hapa lazima niseme jambo ambalo maandishi ya sanamu hayawezi kuwaambia. Mwaka 1890 Cecil Rhodes alituma msafara wa walowezi wenye silaha kwenda kuchukua nchi ya Washona, na aliyewaonyesha njia alikuwa Selous. Bila mtu aliyezijua mbuga zile, wangechelewa au wangepotea. Njia ile ilikuwa ndiyo mwanzo wa nchi iliyoitwa Rhodesia, leo Zimbabwe. Wandebele na Washona walipoinuka mwaka 1896 kudai ardhi yao, Selous alipigana upande wa walowezi. Lobengula alikuwa amekwisha kufa. Mimi naona ni vigumu kulipita jambo hilo: kijana alipewa ruhusa ya kuwinda, na baadaye akaja na watu wa kuchukua nchi. Wapo wanaomtetea kwamba alikuwa mtu mpole na mkweli katika maisha yake ya kila siku, na huenda ni kweli. Lakini upole wake haukuwarudishia wenyeji mashamba yao.

Sasa twende kwenye vita.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, Wafaransa na Wajerumani walianza mara moja kugombea mji wa mpakani uitwao Mulhouse. Wafaransa waliuteka, siku chache baadaye wakanyang'anywa, wakauteka tena, na kabla mwezi haujaisha wakauacha. Watu wa mji walilala chini ya bendera moja na kuamka chini ya nyingine. Mwezi huo huo jambo la aina hiyo lilitokea kwetu. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani walitoka upande wa Moshi na kuiteka Taveta, mji ulio chini ya Mlima Kilimanjaro kwa upande wa Kenya. Waliukalia mwaka mmoja na nusu.

Mpaka wenyewe ulikuwa mpya. Waingereza na Wajerumani walikuwa wameuchora mwaka 1886 na kuuendeleza mwaka 1890, bila kumwuliza Mtaveta, Mchaga wala Mhaya. Fungua ramani na kidole chako: mstari unatoka pwani karibu na Vanga, unakwenda sawasawa, unapinda kuuzunguka Kilimanjaro na kuuacha mlima upande wa Wajerumani, kisha unaendelea sawasawa hadi Ziwa Viktoria. Ng'ambo ya ziwa unafuata digrii 1 kusini ya ikweta, unakata nchi ambayo watu wa pande zote mbili walikuwa wakioana na kuuziana kahawa na ndizi tangu zamani. Kusini kidogo ya mstari huo, ufukweni, upo mji wa Bukoba. Wajerumani walikuwa na kituo hapo tangu Emin Pasha alipokianzisha mwaka 1890.

Selous alikuwa na miaka 62 vita ilipoanza. Aliomba kuingia jeshini, Wizara ya Vita ikamwambia ni mzee mno. Hakukubali. Mwishowe alipata nafasi katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichokusanywa na Kanali Driscoll kutoka kwa watu waliokwisha kuzunguka dunia. Katika kikosi hicho, inasemekana, walikuwamo wachunga ng'ombe wa Texas, mchekeshaji wa sarakasi, na hata mtu aliyewahi kuwa mtumishi katika Jumba la Buckingham. Walifika Mombasa Mei 1915, wakapandishwa treni kuelekea bara.

Mwezi uliofuata walipelekwa Kisumu. Bukoba kulikuwa na mnara wa simu ya upepo, yaani mtambo wa kupeleka habari hewani bila waya, na Waingereza walitaka uangushwe ili Wajerumani wa ziwani wasiweze kupashana habari. Tarehe 20 Juni 1915 meli zilizokuwa zikibeba abiria na pamba ziwani zilijazwa wanajeshi: Waingereza, Wahindi wa Punjab na askari Waafrika wa King's African Rifles. Walikusudia kufika usiku na kuwashtukiza adui. Lakini mbele ya Bukoba kuna kisiwa kidogo, wenyeji wanakiita Musira, na walinzi waliokuwa huko waliziona meli. Wakarusha fataki angani. Mji mzima ukajua wageni wamefika.

Alfajiri ya tarehe 22 kikosi cha Selous kilishushwa kaskazini ya mji, chini ya mlima wenye mwinuko mkali. Mnaoijua Bukoba mnajua milima ile inavyosimama juu ya ziwa kama ukuta. Walipanda kwa mikono na miguu. Laiti Wajerumani wangekuwa na watu wa kutosha juu, kazi ingeishia hapo, lakini kikosi chao kilikuwa kidogo. Siku nzima walipigana katikati ya mawe na migomba, hatua kwa hatua kuelekea mjini. Usiku walilala juu ya mlima bila chakula wala blanketi, na baridi ya huko si mchezo. Mzee Selous alilala chini kama wenziwe, na askari vijana waliokuwa naye wameandika kwa mshangao jinsi alivyowashinda kutembea.

Asubuhi ya tarehe 23 waliteremka. Mvua kubwa ya radi iliwanyeshea, wakavuka kinamasi wakiwa wamelowa chepechepe. Mchana Wajerumani na askari wao walirudi nyuma, na Waingereza wakaingia Bukoba. Mnara ukaangushwa, ghala la silaha likalipuliwa.

Kisha wakapewa ruhusa ya kuchukua mali. Walivunja nyumba na maduka, wakavaa kofia na nguo za maofisa wa Kijerumani, wakanywa pombe waliyoikuta hadi wengine hawakuweza kutembea wima. Jioni walirudi melini na kuondoka. Hawakuacha hata mlinzi mmoja. Wajerumani wakarudi na kuuchukua mji wao uliobomolewa, na Waingereza hawakuuteka moja kwa moja hadi Juni 1916.

Jiulize, wewe unayesoma: Mhaya aliyekuwa na duka dogo sokoni, au shamba la migomba pale kilimani, alikuwa upande wa nani siku ile? Waliokuja walimharibia, na waliorudi walimtaka aeleze kwa nini hakuwasaidia zaidi. Magazeti ya London yaliandika kuwa ni ushindi mzuri. Kwa hesabu ya kijeshi ulikuwa ushindi, sikatai.

Baada ya Bukoba kikosi kilipelekwa Maktau, kwenye nyika kavu kati ya Voi na Taveta. Waingereza walikuwa wakijenga reli kutoka Voi kuelekea Taveta ili wapate kuirudisha, na Wajerumani walikuwa wakitoka Taveta usiku kuja kutega baruti kwenye reli ya Uganda. Kwa miezi mingi kazi ya Selous ilikuwa kulinda na kufanya doria katika nchi isiyo na maji. Machi 1916 jeshi kubwa la Jenerali Smuts ndilo lililowatoa Wajerumani Taveta na kuingia Moshi. Ile reli iliyojengwa kwa ajili ya vita iliunganishwa na reli ya Kijerumani ya Moshi, na mpaka leo ukienda Taveta utayaona mataruma yake.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nikisoma habari za vita hivi macho yangu hukimbilia wagonjwa. Kikosi cha Selous kiliondoka Uingereza na watu zaidi ya 1,000. Risasi ziliwaua baadhi, lakini malaria, kuhara damu na funza ndivyo vilivyokimaliza. Askari mwenye funza hawezi kuvaa kiatu, na askari asiye na kiatu porini hawezi kwenda. Selous alijivunia kutougua hata siku moja, mpaka mwaka 1916 mwili ukakataa. Alirudishwa Uingereza, akafanyiwa upasuaji. Alikuwa na mke, nyumba nzuri Surrey, na nishani ya ushujaa iliyotolewa mwaka huo huo. Angeweza kabisa kukaa. Alipopona alipanda meli akarudi vitani.

Kuna watu wengine ambao hawakuwa na meli ya kurudi nayo. Mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wote waliopelekwa mbele, kwa hiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilibebwa kichwani na binadamu. Hao ndio wapagazi. Waingereza waliwachukua kwa malaki kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na kwingineko, wengi wao kwa nguvu, na Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo. Hesabu rasmi ya Waingereza inataja vifo zaidi ya 40,000, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa wengi kuliko hapo. Mtu aliyelelewa kwa ndizi za kupika alipewa unga wa mahindi wa kukwaruza, bila sufuria ya kutosha wala muda wa kuupika. Unga usioiva unachubua utumbo, tumbo likianza kuendesha mwili unakauka, na mtu aliyekauka akibebeshwa mzigo kwenye mvua za Rufiji hamalizi wiki. Siku hizi tungemtibu kwa maji yenye chumvi na sukari, kitu cha senti chache.

Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Wenyeji walilisema jina hilo kwa ulimi wao, na hivyo ndivyo mlivyopata Kariakoo ya Dar es Salaam, mahali walipopiga kambi, na Kariokor ya Nairobi. Mkienda likizo na bibi akiwatuma Kariakoo kununua nyanya, mjue mnatembea juu ya jina lao.

Selous aliwakuta wenzake Tanganyika mwishoni mwa 1916, na kikosi kikiwa kimebaki na watu wachache. Mwaka mpya ulipoingia walikuwa wakiwafuata Wajerumani kuelekea Mto Rufiji. Tarehe 4 Januari 1917, mahali paitwapo Beho Beho, kulikuwa na mapigano makali. Selous aliinua kichwa kutazama risasi zilikuwa zikitoka wapi, na mdunguaji akampiga. Alikufa pale pale, siku nne tu baada ya kutimiza miaka 65. Walimzika chini ya mkwaju. Mtoto wake wa kiume, Freddie, alikuwa rubani wa ndege za vita huko Ulaya, na yeye aliuawa tarehe 4 Januari 1918, mwaka mmoja kamili baada ya baba yake. Nikimfikiria yule mama siachi kumsikitikia, hata kama mumewe nina maneno naye.

Vita viliendelea. Wajerumani wa Afrika Mashariki hawakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Tanganyika ikawa chini ya Waingereza, na mwaka 1922 wakalipa lile pori la Rufiji jina la Selous. Sanamu ya South Kensington ilikuwa imezinduliwa miaka miwili kabla. Mwaka 1982 pori likatambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia, kwa jina lile lile.

Mwaka 2019 serikali ya Tanzania iliigawa sehemu kubwa ya kaskazini ya pori hilo na kuiita Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Beho Beho iko ndani yake. Kwa hiyo mwana wa London amelala Rufiji, katika hifadhi yenye jina la mwana wa Butiama. Na Mwalimu Nyerere, kama wazazi mnavyokumbuka, alifia hapa London, Hospitali ya St Thomas', tarehe 14 Oktoba 1999. Sehemu iliyobaki ya kusini bado inaitwa Selous. Wapo wanaosema jina hilo nalo liondolewe. Wengine wanasema libaki ili watu waendelee kuuliza alikuwa nani. Darasa la wakubwa watajadiliana juu ya hilo muhula ujao, na nawaomba wazazi msiwape majibu.

Kaburi bado lipo, jiwe dogo lenye jina, na watalii hupelekwa kuliona. Nasi tuna ombi moja. Kama katika ukoo wenu kuna babu au babu wa babu aliyekuwa askari au mpagazi katika vita ile, iwe kwa Waingereza au kwa Wajerumani, mpigieni simu mkubwa aliyebaki nyumbani mumwulize jina lake kamili, kijiji alichotoka, na kama alirudi. Mtoto aliandike mwenyewe kwa mkono, kwa Kiswahili, alilete darasani. Tutayabandika ukutani kama yalivyo, makosa ya herufi tutayasahihisha baadaye.